Kucheza Bluzi Si Kurudi Nyuma

Kila mpiga piano wa jazi anapofika uzeeni na kutoa albamu ya bluzi, wapenzi wa muziki huu husema neno moja: karudi. Wapo wanaolisema kwa huruma. Mzee amechoka, wanasema, vidole vimekuwa vizito, sasa anajipumzisha kwenye vipimo 12 na mafungu matatu ya noti ambayo kijana yeyote anaweza kuyashika ndani ya wiki. Wapo pia wanaolisema kwa sifa, na hao ndio wanaoniudhi zaidi. Mzee kakumbuka nyumbani, wanasema. Mwacha asili ni mtumwa. Kaweka kando majivuno ya jazi na kurejea mizizini.

Wenye huruma na wenye sifa hujiona wanabishana, kumbe wamekaa upande mmoja. Wote wameshakubaliana kwamba bluzi ni mahali palipo nyuma, na kwamba jazi ni safari ya kwenda mbali na hapo. Wanachogombania ni iwapo safari hiyo ilikuwa na heri au la. Mimi napinga safari yenyewe. Haikuwapo, na anayetaka kuithibitisha kwa maisha ya wapiga piano wakubwa atahangaika bure.

Nitamchukua mmoja tu na kukaa naye, kwa sababu maisha yake ndiyo yanayotajwa sana kama mfano wa kwenda na kurudi, na pia kwa sababu lugha yetu imo ndani ya kazi yake, tena mahali penye uzito. Randy Weston alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 6 Aprili 1926, akafariki hukohuko Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018 akiwa na miaka 92. Alikuwa mtu mrefu kupita mita mbili, na mikono yake ililingana na kimo hicho. Mwaka 1954 alirekodi nyimbo za Cole Porter kwa kampuni ya Riverside. Katika miaka iliyofuata alitunga “Hi-Fly” na “Little Niles”, tungo ambazo wanamuziki wengine wa jazi walizichukua wakazifanya zao. Mwaka 1960 alitengeneza “Uhuru Afrika”. Mwaka 1961 alikanyaga Lagos kwa mara ya kwanza, na kabla ya muongo huo kwisha alikuwa amehamia Morocco, ambako alifungua klabu ya muziki mjini Tangier. Kisha mwaka 1993, akikaribia miaka 67, akatoa “Volcano Blues”. Miaka 20 baadaye, mwaka 2013, akiwa na miaka 86 siku alizoingia studio, akatoa “The Roots of the Blues”.

Kwa mtu anayehesabu maisha ya msanii kama ngazi, habari imekwisha hapo. Kijana alianza na nyimbo za wengine, akatunga zake, akaliongoza kundi kubwa, akavuka bahari, halafu nguvu zikapungua akateremka kwenye bluzi. Ni hesabu nzuri. Ina kasoro moja, nayo ni kwamba imeacha kusikiliza kilichorekodiwa.

Turudi kwenye “Uhuru Afrika”, kilele cha ngazi hiyo. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, katika mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Weston alikuwa na miaka 34. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Melba Liston, mpiga tromboni na mpangaji wa muziki ambaye nitamrudia, aliandika sehemu za kundi zima. Studioni walijazana mafundi wa ajabu: Max Roach, Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Ron Carter, Babatunde Olatunji kutoka Nigeria, Candido kutoka Cuba. Na mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni kuyasoma maneno ya Hughes kwa Kiswahili alikuwa Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, wakati Tanganyika yenyewe ilikuwa bado na mwaka mzima na ushei kabla ya kushusha bendera ya Mwingereza. Makaburu wa Afrika Kusini walielewa vizuri walichokuwa wanakisikia. Mwaka 1964 waliipiga marufuku.

Kazi hiyo ina sehemu nne. Ya kwanza inaitwa “Uhuru Kwanza”, ya pili “African Lady”, ya tatu “Bantu”. Ya nne, ile ya kufungia, inaitwa “Kucheza Blues”.

Hapa naomba msomaji wa Kiswahili atumie sikio lake mwenyewe, maana wahakiki wengi walioandika kuhusu albamu hii hawakuwa nalo. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja hutumika kwa mpira, kwa piano na kwa mchezo wa kuigiza, na mtu angeweza kudhani kwamba “Kucheza Blues” ni kupiga bluzi tu. Sisi hatusemi hivyo. Piano hupigwa, gitaa hupigwa, ngoma hupigwa. Kinachochezwa ni ngoma kwa miguu, kwa kiuno, kwa mabega. Tulikulia katika nchi ambako Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz zilikuwa bendi za dansi, na neno jazi kwa wazee wetu lilimaanisha ukumbi, suti iliyopigwa pasi na usiku mrefu wa kucheza. Kwa hiyo mtu akituambia “Kucheza Blues” hatuoni mzee mnyonge kwenye kona ya baa. Tunaona watu wamesimama.

Na ndivyo Weston alivyokusudia. Alieleza kwamba sehemu hiyo ni sherehe inayokuja, siku ambayo Afrika yote itakuwa huru na watu weusi duniani kote watacheza pamoja. Tazama basi alipoiweka bluzi. Hakuiweka mwanzoni mwa hadithi, kwenye mashamba ya pamba, ili jazi na uhuru vije kuifuta. Aliiweka mwisho, baada ya uhuru. Bluzi ndiyo muziki wa siku ambayo haijafika. Mtu wa miaka 34 aliyekuwa kwenye kilele cha tamaa yake ya kisanii, mwenye kundi kubwa na mshairi mkubwa, alipotaka kusema “mbele” alisema bluzi. Sasa miaka 33 baadaye anaupiga tena wimbo uleule, maana “Kucheza Blues” umo ndani ya “Volcano Blues” ya 1993, na watu wanamwambia karudi nyuma. Nyuma ya nini?

Fuata nyuzi nyingine uone zinavyosuka kitu kilekile. Mwaka 1963, katika albamu aliyoitengeneza kwa ajili ya mataifa mapya ya Afrika akitumia mdundo wa highlife wa Afrika Magharibi, kuna wimbo uitwao “Blues to Africa”. Mwaka 1974 alirekodi peke yake albamu nzima yenye jina hilohilo. Mwaka 2013, katika “The Roots of the Blues”, wimbo huo upo tena. Miaka 50, wimbo mmoja. Katika albamu hiyo ya 2013 pia kuna “Berkshire Blues”, alioutunga kwa kukumbuka milima ya Massachusetts alikofanya kazi akiwa kijana na kusikiliza mihadhara iliyounganisha jazi na Afrika. Hata alipoishi kati ya Wagnawa wa Morocco, watu ambao mababu zao wengi walivushwa Sahara utumwani, kitu alichokisikia kwenye gimbri yao ya nyuzi tatu na vyuma vyao vya kugonganisha alikiita bluzi. Kila roho katika ibada zao ina rangi yake, na rangi ya Sidi Musa, bwana wa maji, ni buluu. Weston akatoa albamu, akaiita “Blue Moses”. Yapo maisha machache ya kisanii ambayo mtu anaweza kuyakata popote akakuta damu ileile, na haya ni mojawapo.

Nitaambiwa: sawa, bluzi ilikuwapo siku zote, lakini kuna tofauti kati ya kuitia katika chakula na kuifanya chakula chenyewe. Mzee aliacha vingine vyote akabaki nayo. Je, huko si kupungukiwa?

Hoja hii inastahili jibu la kweli, na jibu langu linaanza na suala la umri. Mwaka 1948 Charlie Parker alirekodi “Parker's Mood”, bluzi ya taratibu ya vipimo 12. Mwaka huohuo Thelonious Monk alirekodi “Misterioso”, nayo bluzi. Monk huyohuyo akaja na “Straight, No Chaser” mwaka 1951 na “Blue Monk” mwaka 1954, zote bluzi. Mwaka 1959 Miles Davis alitoa “Kind of Blue”, na nyimbo mbili kati ya tano zilizomo zimejengwa kwenye umbo la bluzi. John Coltrane alitoa albamu nzima ya bluzi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuipa jina linalosema hivyo waziwazi. Hao wote walikuwa vijana, na kwa kila mmoja wahakiki waliona mapinduzi, uvumbuzi, mlango mpya. Umbo ni lilelile, vipimo ni vilevile. Kijana akilishika tunasema anavumbua. Mzee akilishika tunasema amechoka. Basi kinachohukumiwa ni mvi.

Ngazi hii inayoiweka bluzi chini na jazi juu ina wajenzi wake. Mamie Smith aliporekodi “Crazy Blues” mwaka 1920 na santuri ikauzwa kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, kampuni za Marekani zilifungua orodha za pekee za muziki wa watu weusi. Kuanzia hapo bluzi ikawa bidhaa yenye rafu yake, na jazi ikatafutiwa rafu nyingine, karibu zaidi na mlango wa ukumbi wenye viti vya mahameli. Wapo watu weusi walioelimika ambao nao walionea bluzi haya, kwa sababu ilinuka kilabu cha pombe na kambi ya wakata magogo, na wao walikuwa wanapigania kuheshimiwa katika nchi iliyowanyima heshima. Siwalaumu sana. Nawalaumu walioandika historia baadaye wakaligeuza jeraha hilo kuwa kanuni ya sanaa: kwamba kuiacha bluzi ni kukua. Mpiga piano aliyekaa kwenye kiti chake miaka 60 hana deni lolote kwa rafu za duka la santuri.

Kuhusu wepesi wa bluzi. Ni kweli umbo lake linaelezwa kwa dakika moja. Vipimo vinne vya nyumbani, viwili vya kuondoka, viwili vya kurejea, kimoja cha kupanda mbali zaidi, kimoja cha kushuka, viwili vya kupumua, halafu mnaanza upya. Mwimbaji husema mstari, huurudia, kisha huujibu. Kila baada ya sauti kuna nafasi iliyoachwa wazi ili chombo kiitikie, kama mkarara unavyongoja mtunzi amalize. Haiku ya Mjapani pia inaelezwa kwa dakika moja. Shairi la mizani nane kwa nane linaelezwa kwa dakika mbili, na hatujawahi kusikia mtu akisema kwamba anayeandika mashairi ya namna hiyo uzeeni amekimbilia urahisi.

Na kwenye piano kuna ugumu wa pekee ambao wapiga gitaa na waimbaji hawaujui. Mwanakwaya yeyote aliyefundishwa do re mi anajua mi iko wapi. Bluzi haikai kwenye mi. Inakaa mahali kati ya mi na ile mi iliyoshushwa nusu, na mahali hapo panasogea kulingana na neno, na hali ya moyo, na saa ya usiku. Mwimbaji anaweza kufika hapo kwa koo. Mpiga gitaa anauvuta waya. Piano haivutiki. Kila noti imefungwa mahali pake na fundi aliyeipatanisha asubuhi, na kati ya kibonyezo cheupe na cheusi hakuna kitu. Ili kupafikia, mpiga piano lazima adanganye: aponde noti mbili kwa pamoja, au aiguse nyeusi kwa mtelezo akiangukia nyeupe, au aipige moja akaiacha nyingine isikike katika kumbukumbu ya msikilizaji. Anajenga kwa mbao na chuma sauti ambayo chombo chake hakina. Kijana anayejifunza bluzi ndani ya wiki amejifunza ramani. Kuponda noti mbili kwa uzito sahihi, hivi kwamba ile isiyokuwapo ndiyo inayosikika, kunachukua maisha, na wengi hawafiki.

Sikatai kwamba mwili huzeeka. Weston wa miaka ya mwisho hakuwa na kasi ya Weston wa 1956. Lakini angalia alichokichagua kwa mwili huo. “The Roots of the Blues” ni watu wawili tu, yeye na Billy Harper kwenye saksofoni ya tenor. Hakuna besi, hakuna ngoma. Anayetaka kupumzika huajiri mpiga besi mzuri wa kumbebea sakafu na mpiga ngoma wa kumshikia saa, kisha yeye anachezea juujuu kwa mkono wa kulia. Mzee wa miaka 86 aliwaondoa wote na kuyafanya hayo kwa mkono wake wa kushoto, kule chini kabisa kwenye piano ambako alipenda kukaa tangu ujanani, ambako noti zinafanana na ngoma kuliko na kinanda. Hakuacha kichaka cha kujificha. Na pale alipokaa kimya, kimya hicho hakikuwa na mtu mwingine wa kukijaza.

Ninapofika hapa kwenye habari ya mikono namkumbuka Melba Liston, na nakiri kwamba siwezi kuandika juu yake kwa utulivu. Alizaliwa Kansas City mwaka 1926, mwaka mmoja na Weston. Alipiga tromboni katika makundi makubwa wakati ambapo mwanamke aliyeshika tromboni alionekana kituko. Mwaka 1985 alipata kiharusi kilichompooza sehemu ya mwili, na hakuweza tena kukipiga chombo chake. Aliendelea kuandika muziki kwa msaada wa kompyuta. Mipango ya “Volcano Blues” ni yake, na jina lake limewekwa kwenye albamu hiyo pamoja na la Weston. Kama bluzi ni kazi ya mtu aliyeishiwa, basi tuambieni ni nini kilichokuwa kimeisha kwa mwanamke huyu, ambaye mwili ulikuwa umemnyang'anya tromboni na bado alikuwa anasikia kichwani kundi zima la vyombo vya kupuliza, ni nani aingie lini na nani akae kimya. Alimpa nafasi mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi wa Texas, Johnny Copeland, katikati ya watu wa jazi, na hakuna mshono unaoonekana. Watu wawili waliotengeneza “Uhuru Afrika” wakiwa na miaka 34 walikutana tena wakiwa na mvi na kuchukua umbo dogo kuliko yote, wakalipanua.

Weston hakuwa peke yake katika hili. Mary Lou Williams, aliyezaliwa mwaka 1910, alipita kila zama ya jazi akiwa ndani yake: mtindo wa Kansas City, bibopu, muziki mtakatifu wa kanisani. Mwaka 1977, katika ukumbi wa Carnegie, alikaa piano kwa piano na Cecil Taylor, mwanamapinduzi aliyevunja kila umbo. Wengi walidhani mama huyo wa miaka 66 alikuwa anajaribu kuonyesha kwamba naye ni wa kisasa. Yeye alikwenda na bluzi, akaipiga kwa ukaidi mbele ya tufani ya Taylor. Mwaka huohuo akarekodi albamu iliyojaa bluzi tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na mchoro wa mti aliopenda kuutumia kufundishia historia ya jazi, na kwenye mizizi ya mti huo palikuwa pameandikwa mateso. Bluzi haikuwa mzizi. Ilipanda na shina.

Hapo ndipo nataka kuwageukia wale wenye sifa, watu wa mizizi, ambao nimewaacha makusudi hadi sasa. Wao hudhani wanamtetea mzee. Wanasema karudi kwenye asili, na wanalisema neno asili kana kwamba ni kijiji kilichobaki vilevile, chenye nyumba ya bibi na mwembe, kikimsubiri mtoto aliyepotelea mjini. Nawaomba wasome jina la albamu. Weston hakuiita bluzi mizizi. Aliiita mizizi ya bluzi. Bluzi yenyewe ina kitu chini yake, na mzee alikuwa anachimba. Huwezi kusema amefika nyumbani mtu ambaye bado ana jembe mkononi.

Kwenye uchimbaji huo, nasema wazi, simfuati hadi mwisho. Weston alilelewa na baba mwenye asili ya visiwa vya Karibi aliyemfundisha kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na kwa mafunzo hayo alipenda kusema kwamba bluzi, na karibu kila muziki, ni Afrika tu. Naelewa kiu ya kauli hiyo katika nchi iliyomwambia mtu mweusi kwamba hakuleta chochote. Lakini bluzi haikushuka merikebuni ikiwa tayari. Ilitengenezwa, na waliotengeneza wanastahili jina la watengenezaji. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1740, iliyopitishwa baada ya uasi wa watumwa, iliwakataza watumwa kutumia ngoma. Watu walionyang'anywa ngoma walizihamishia kwenye viganja, kwenye nyayo, kwenye namna ya kutamka neno, na vizazi vingi baadaye, katika kambi za mbao za Texas na Louisiana, kwenye mkono wa kushoto wa mpiga piano. Afrika imo humo, lakini imo kama kitu kilichofichwa, kikakatazwa, kikabuniwa upya. Ndiyo sababu nasema kwamba hata mizizi ya bluzi si mahali pa kurudia. Ni kazi ya mikono ya watu, na kazi hiyo haijafungwa.

Wenye sifa wana kosa lingine, la kudhani kwamba bluzi ni huzuni na kwamba mzee huiendea kwa sababu uzee ni huzuni. Sitabishana nao kwa kirefu. Bluzi inataja shida kwa jina lake, na anayeitaja shida kwa jina lake mbele ya watu, kwa mdundo unaowafanya watikise vichwa, tayari ameisogeza hatua moja. Waliokuwa wanacheza boogie-woogie, bluzi ya kasi ya piano, Jumamosi usiku katika vibanda vya pombe hawakwenda kulia.

Nikubali jambo moja kwa wapinzani wangu wa kwanza, wale wenye huruma, maana ni la kweli. Zipo albamu za bluzi za wazee ambazo ni za uvivu. Kampuni humleta mzee mwenye jina, humkodia waimbaji maarufu watatu, huweka picha ya kofia na moshi kwenye jalada, na kila mtu anakwenda nyumbani mapema. Nimezisikia, na zinanihuzunisha zaidi ya zinavyowahuzunisha wao, kwa sababu ndizo zinazoipa nguvu hoja yao. Ila uvivu wa albamu hizo unatokana na watu kutoifanya kazi ya bluzi. Ukimwona mpishi ameunguza wali, huutangazi mchele kuwa chakula cha watoto.

Katika “The Roots of the Blues” kuna wimbo unaoitwa “Cleanhead Blues”. Jina hilo linamhusu Eddie “Cleanhead” Vinson, mwimbaji na mpiga saksofoni mwenye kipara aliyekuwa na bendi ya bluzi na ridhimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya Cole Porter, kabla ya Hughes na Lagos na Tangier, kijana mmoja mrefu kutoka Brooklyn alikuwa akiajiriwa na bendi za namna hiyo, na ya Vinson ilikuwa mojawapo. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya mwimbaji, kumwachia nafasi, na kujaza vile vipimo viwili vya mwisho bila kumkanyaga. Miaka 60 baadaye Vinson ameshafariki, bendi imekwisha, na yule kijana amebaki na Harper tu chumbani. Anaanza wimbo. Nafasi ya mwimbaji ipo pale pale, na Weston bado anaiacha wazi.